Nusu ya Zulia la Bibi Ijja

Kila jioni Keltum alipotoka shule hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye ukumbi wa chama cha wafumaji wa mji wa Tazenakht, akavua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka chaki yote ikaisha, kwa maana sufu nyeupe haisamehe mkono mchafu. Ndipo Shangazi Rqia, dada wa baba yake na mwenyekiti wa chama, alipompa simu.

"Haya, mwalimu wetu, tusomee. Ulimwengu unasemaje leo?"

Ulimwengu ulisema kwa Kifaransa. Wanawake kumi na mmoja wa chama hicho walizungumza Kitashelhit, lugha ya milima yao, na wengi wao hawakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Keltum alikuwa na miaka kumi na mitatu, na Kifaransa chake kilikuwa cha kubabaisha. Shuleni alikuwa wa kumi na nane kati ya wanafunzi thelathini. Lakini hapo ukumbini alikuwa wa kwanza, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Karibu na dirisha aliketi Bibi Ijja, mama mzazi wa baba yake. Wenzake walifuma mazulia ambayo kila mtu mjini aliyajua, lakini yeye peke yake alilijua zulia la marehemu mama yake. Zulia hilo lilikuwa na alama zisizojirudia. Lilianza na alama ya mlango, likapita kwenye mto na mashamba ya zafarani, likaendelea hadi mwisho ambao Bibi Ijja hakumweleza mtu. "Nikifika mtaona," alikuwa akisema. Alikuwa amelifuma mara moja tu, miaka sita iliyopita, na mama mmoja wa Ubelgiji akalinunua. Kabla halijaondoka walilipiga picha shibiri kwa shibiri, maana alama zake zilikuwa nyingi mno kwa mtu mwingine kuzikumbuka. Sasa Bibi Ijja alikuwa amelianza tena. Safari hii hakutaka liuzwe. Alitaka libaki ukumbini, wasichana wajifunze.

Mwezi wa tisa ikaja barua pepe kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikiwahifadhia vitu vyao mtandaoni. Hmad, kijana aliyewaunganisha na kampuni hiyo, alikuwa amehamia mji wa Agadir, wala hakuwaachia maelezo ya maana. Walichojua ni kwamba anwani ya barua pepe iliyoshonwa nyuma ya kila zulia, yenye jina la chama chao, ilitoka huko. Sasa kampuni ilitaka ada ya mwaka, dirhamu mia saba na ishirini.

"Mia saba na ishirini!" Shangazi Rqia alishika kiuno. "Na sufu ilivyopanda bei! Keltum, hebu tuambie. Kitu hiki tunakihitaji, au tunanunua hewa?"

Keltum aliisoma barua mara ya pili. Alielewa "ada", "mwaka" na "anwani". Maneno mengine marefu, yale ya kuhifadhi picha na kuzioanisha kati ya simu na mtandao, yalimpita juu ya kichwa. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu: sijui. Na Mwalimu Saadia, aliyewafundisha kompyuta shuleni, aliishi mtaa wa pili tu. Kwenda na kurudi ni robo saa.

Lakini Tamo, mfumaji aliyependa utani kuliko chai, aliinua kichwa.

"Mbona kimya, profesa? Kifaransa kimekukwama kooni?"

Wanawake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila Keltum alihisi masikio yakiwaka moto.

"Hakina maana yoyote," akasema, akiikaza sauti kama mtu mzima. "Ni cha kupeleka picha kutoka simu kwenda kompyuta, nasi hata kompyuta hatuna. Barua pepe za bure zimejaa tele. Nitawafungulia leo leo."

"Na picha za zulia la mama yangu?" Bibi Ijja aliuliza bila kugeuka.

"Zimo kwenye simu, Bibi. Haziendi popote."

Basi hawakulipa. Shangazi Rqia alinunua mizizi ya kutengenezea rangi nyekundu, na chenji iliyobaki akamnunulia Keltum mkoba wa shule wa buluu. "Aliyetuokolea fedha naye aonje," alisema, na wote wakapiga vigelegele. Keltum aliubeba mkoba ule mgongoni akijiona mkubwa.

Wiki mbili baadaye kampuni iliandika tena, kwenye anwani mpya ya bure ambayo Keltum alikuwa amewapa. Ilisema huduma imesimama, nao watoe vitu vyao. Keltum aliisoma kimya kimya. Kama angeisoma kwa sauti, ingembidi aseme kwamba siku ile alijibu asichokijua. Akabonyeza, barua ikafutika.

"Kuna nini leo?" Shangazi aliuliza.

"Hakuna kitu, Shangazi."

Ya pili ikaja, akaifuta. Ya tatu ilikuwa na maandishi mekundu, tena hiyo aliielewa vizuri, maana alikuwa ametafuta maneno yake kwenye kamusi ya shule: baada ya siku sitini kila kitu kitafutwa, wala hakitarudishwa. Aliitazama kitambo. Kisha akaifuta nayo, akala mkate wake na mafuta ya zeituni, akaenda zake nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja Shangazi Rqia aliinama juu ya sufuria la rangi, simu ikachomoka kifuani mwake ikatumbukia kwenye maji yanayochemka. Walipoiopoa kwa mwiko ilikuwa nyekundu ndani na nje.

"Hee! Rqia anatia rangi simu!" Tamo alipiga kelele. "Utaiuza kwa mita?"

Shangazi mwenyewe alicheka. "Haidhuru. Hmad alisema simu ni mlango tu, vitu vyenyewe vimo mtandaoni. Sivyo, Keltum?"

Keltum alihesabu kimoyomoyo. Zilibaki siku kumi na tisa. Angesema siku ile ile, wangelipa, wangezipata picha zote bila hata moja kupotea.

"Ndivyo," akasema.

Akajiambia atasema kesho. Kesho yake kulikuwa na mtihani wa hesabu. Keshokutwa Bibi Ijja alikuwa na furaha, akamwonyesha fundo la alama ya mto, na nani angeharibu furaha ile? Siku kumi na tisa zikaisha hivyo hivyo, moja moja, kama mtu anayevuta uzi wa fulana mpaka anakuta hana fulana.

Mwezi wa kwanza, asubuhi ya baridi kali, chanuo la chuma la kushindilia nyuzi lilimdondoka Bibi Ijja mkononi. Tamo alidhani amelala. Alipomgusa bega, Bibi aliegemea upande mmoja, mdomo umepinda. Kilikuwa kiharusi. Hospitali ilimrudisha hai, lakini mkono wa kulia haukurudi, wala maneno. Macho yake tu ndiyo yalibaki yaleyale.

Zulia lilikuwa limepita nusu. Wanawake walisimama mbele yake, na Shangazi Rqia akajipangusa machozi kwa ncha ya ushungi.

"Tutalimalizia sisi. Tuna picha za lile la kwanza, tutafuata fundo kwa fundo. Tena tufanye haraka alione. Keltum, tutolee picha kwenye simu mpya."

Keltum alisema mtandao haushiki. Siku ya pili akasema kitu hicho hicho. Siku ya tatu Shangazi Rqia hakumuuliza. Alimwita Mwalimu Saadia, naye akaja na kompyuta yake, akaketi mkekani, akajaribu hiki na kile. Mwishowe akavua miwani.

"Bi Rqia, mlilipa ada ya mwaka jana?"

"Hatukulipa. Tuliambiwa si ya lazima."

"Basi wamefunga na wamefuta. Hapa hakuna kitu tena." Mwalimu alikunja uso. "Lakini nashangaa. Kampuni hizi huandika kabla ya kufuta. Hawakuwaandikia?"

Shangazi Rqia alikuwa tayari anatikisa kichwa kusema hapana.

"Waliandika," Keltum alisema. "Mara tatu. Nilizifuta mimi."

Hakuna aliyempigia kelele. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Kwa nini, mtoto wangu?" Shangazi aliuliza.

"Sikuelewa ile barua ya kwanza, nikasema naelewa. Halafu nikaogopa mtajua sikuelewa."

"Na siku simu ilipoanguka? Nilikuuliza, Keltum. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa," Keltum alisema, akaanza kulia.

"Yule mama wa Ubelgiji je?" Tamo aliuliza. "Si analo lile la kwanza? Atupigie picha."

"Anwani yake ilikuwa kwenye barua zenu za zamani, nazo zimefutwa pamoja na picha," Mwalimu Saadia alijibu. "Naye akiandika, ataandikia ile iliyoshonwa nyuma ya zulia. Anwani hiyo imekufa. Barua yake itamrudia."

Kisha alimgeukia Keltum, na hakuwa na hasira, ila hakumbembeleza pia.

"Nisikilize. Kutolipa huenda hata halikuwa kosa. Wako watu wengi wanaotumia za bure na wanaishi vizuri. Lakini kwanza unauliza: humo ndani tuna nini, na tukiacha kulipa kitakwenda wapi? Unatoa picha zako, unaziweka mahali pawili. Unawaandikia wateja anwani mpya. Ni kazi ya jioni moja. Ningekuja mimi mwenyewe, bure, kwa glasi ya chai."

Walijaribu njia iliyobaki. Walimleta Bibi Ijja ukumbini, wakamketisha kwenye mito mbele ya mtambo wake wa kufumia, na Keltum akamwinulia nyuzi moja moja. Nyekundu? Bibi alifumba macho: hapana. Njano? Hapana. Buluu? Bibi aliinua mkono wa kushoto akataka kuchora kitu hewani. Mkono ulitetemeka, ukaanguka. Akajaribu tena, na tena, mpaka machozi yakamtiririka kwenye shavu lile lisilohisi kitu. Shangazi Rqia akasema basi, imetosha, tusimtese mzee wa watu.

Wakalimalizia zulia kwa sufu nyeupe tupu. Hakuna aliyethubutu kubuni alama ambazo hakuzijua. Keltum alifunga mafundo hayo meupe pamoja nao kila jioni, wiki saba, vidole vikimchubuka. Mkoba wa buluu aliurudisha mwenyewe. Shangazi Rqia aliupokea, akautundika msumarini, na Keltum akarudia kubeba madaftari yake kwenye mfuko wa zamani.

Siku ya kulikata zulia walinyunyiza maji kwenye nyuzi za mtande kabla ya kisu, kama desturi ilivyo, maana kwao zulia likikatwa mtamboni limekufa, na anayekufa hulowanishwa midomo. Siku nyingine huwa wanaimba. Siku hiyo hakuna aliyeanza wimbo. Walilitandaza miguuni pa Bibi Ijja. Aliinama, akalipapasa kwa mkono wa kushoto kuanzia mlangoni: akapita mto, akapita mashamba ya zafarani, akafika pale alama zinapokoma na weupe unapoanza. Hapo mkono ukasimama. Kisha akauondoa, akauweka juu ya kichwa cha Keltum, na Keltum alitamani apigwe kofi badala yake.

Masika yalipofika, Mwalimu Saadia aliwasaidia kupata anwani nyingine yenye jina la chama. Picha za mazulia yaliyobaki zilipigwa upya na kuwekwa mahali pawili. Vitambaa vipya vyenye anwani hiyo vikashonwa nyuma ya kila zulia. Mambo yakakaa sawa, isipokuwa lile moja.

Ukafika mwisho wa mwaka, na barua ikaja.

"Wanataka ada," Keltum alisoma. "Wanasema kuna mpango mkubwa zaidi, wa bei ya juu, na kuna mdogo."

"Tuchukue upi?" Shangazi Rqia aliuliza. "Mkubwa una faida?"

Tamo alikuwa ameshafungua kinywa, akakifunga.

"Sijui, Shangazi," Keltum alisema. "Kuna maneno manne hapa siyaelewi. Nitamwuliza Mwalimu kesho, nije niwaambie."

Shangazi Rqia alimtazama, akatazama ukutani, ambako zulia lilining'inia, nusu limejaa alama na nusu jeupe. Bibi Ijja alikuwa ameketi chini yake, macho yake juani.

"Kuuliza si ujinga, mtoto wangu. Ujinga ni kuogopa kuonekana hujui," alisema polepole. "Neno hilo moja ulilosema sasa hivi halina ada. Ungelisema mwaka jana, leo tungejua zulia la mama yetu linaishia wapi."

Akamwachia simu aende nayo. Keltum akavaa viatu vyake mlangoni, hakungoja kesho, akashika njia ya mtaa wa pili.