Maiti kwenye Banda la Magome

Maiti ililala chali kwenye sakafu ya banda la kukamulia, uso wote umepakwa utomvu. Barakoa ilikuwa pembeni, kioo chake kimekwaruzwa. Juu ya maiti alisimama gome mzee, kiumbe mrefu kama mlango wa ghala mwenye ngozi mfano wa ganda la mti. Alikuwa na minyororo miguuni, akitoa mngurumo mdogo usiokwisha.

"Kesi hii imeisha kabla haijaanza," Meneja wa kampuni alisema ndani ya barakoa yake. "Mnyama kamvua barakoa, kamziba pumzi. Jioni hii anachinjwa, na wenzake wote wanakatwa mikono. Nahitaji sahihi yako tu, Inspekta."

Inspekta aliiacha kalamu mfukoni. Askari wenzake walimwita Kupe, kwa kuwa aking'ang'ania hang'oki, na hakuna kilichomfanya mama huyu ang'ang'anie zaidi ya mtu mwenye haraka.

Kwenye sayari ile hewa ya nje ilikuwa sumu. Pumzi chache bila barakoa, buriani. Kilichowaweka watu hai ni utomvu wa magome, uliotiwa kwenye mitambo ya kuchuja hewa ya nyumba zote. Kampuni iliwakamua kwa kulabu za chuma zilizochomekwa shingoni, na iliwaita mifugo. Sheria ya Baraza lililotawala sayari iliruhusu kukamua mifugo. Haikuruhusu kumfunga minyororo kiumbe mwenye akili, ndiyo maana kampuni iliapa usiku na mchana kwamba akili hawana.

Marehemu alikuwa msimamizi wa banda. Inspekta alipiga magoti, akaiokota barakoa. Mikanda ilikuwa mizima. Kifungo cha kisogoni kilikuwa kimefunguliwa vizuri, bila kuvutwa. Akaugeuza mwili ubavu, akatazama mtungi wa hewa mgongoni. Koki ilikuwa imefungwa, tena imekazwa barabara.

"Nani hufunga koki hapa?"

"Kila mtu," Meneja alisema. "Barakoa ikivuliwa, koki inafungwa, hewa isipotee. Watu wa hapa wanafanya hivyo hata usingizini."

"Na magome?"

"Mnyama atajuaje koki?"

"Ndicho ninachojiuliza na mimi."

Meneja akakohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa cha ugonjwa.

Uchunguzi wa maiti haukuchukua muda. Daktari wa polisi alivua glavu akiwa amekunja uso.

"Kilichomuua ni hewa ya nje. Utomvu ulipakwa akiwa ameshakata roho. Hakuvuta hata tone."

"Ulipakwa wa nini basi?"

"Utomvu unachuja sumu, Inspekta. Ukiniuliza mimi, aliyempaka alikuwa anajaribu kumpa pumzi."

Inspekta akatazama saa. Kama daktari alikuwa sahihi, shahidi pekee wa mauaji yale alikuwa anasubiri kisu.

Kifungo cha kisogoni hakifikiwi na mwenye barakoa, hasa akiwa na glavu nene. Kwa hiyo kila mfanyakazi alikuwa na mwenza wa kumfunga na kumfungua. Mwenza wa marehemu alikuwa fundi wa mitambo, kaka wa mkewe. Inspekta alimkuta karakanani akisugua kulabu iliyokwishatakata. Meneja naye akaingia, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Pole na msiba, ndugu yangu."

"Nimeshapoa."

"Leo nani alimfunga shemeji yako barakoa?"

"Mimi. Siku zote mimi."

"Na nani alimfungua?"

"Gome. Si mmeona alivyokwaruza kioo?"

"Nimeona. Vumbi la chuma limebaki kwenye mikwaruzo. Gome ana kucha za chuma?"

Fundi akaiweka kulabu chini.

"Tena aliyemfungua alifunga na koki," Inspekta akaendelea, sauti imeshuka. "Mkono una mazoea yake. Umeua mtu, halafu ukabana hewa isipotee."

Fundi aliitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomchongea. Kisha akalia, kilio cha mtu aliyekuwa akikizuia tangu asubuhi.

"Alitaka kwenda Barazani," akasema. "Alisema mngurumo ule ni maneno. Yule mzee alimfundisha majina ya wanawe waliokufa kwa kukamuliwa. Nikamwambia, shemeji, banda likifungwa tutapumua nini? Mwanangu ana kifua kibovu, atakuwa wa kwanza kuondoka. Akasema tutapata njia. Njia gani, mama? Njia gani?"

"Nani mwingine alijua?"

Fundi akamtazama Meneja. "Nilimwambia yeye, nikidhani atamtuliza. Akanijibu kwamba familia zenye maneno mengi ndizo hupunguziwa hewa kwanza. Hakunituma kuua. Alijua nitaelewa."

Meneja akainuka, akanyoosha koti lake. "Andika ugomvi wa kifamilia, yaishe. Ukiandika hayo mengine, banda linafungwa. Na wewe unapumua, Inspekta. Au umesahau?"

Hakuwa amesahau. Aliogopa, akaogopa kweli. Alimfikiria mama yake mzee aliyelala chini ya tundu la hewa lililotegemea utomvu ule ule. Kisha akamfikiria yule gome anayenguruma juu ya maiti ya adui aliyegeuka rafiki, akawaonea aibu wote waliokuwa hai, yeye mwenyewe akiwamo.

"Kaa chini," akamwambia Meneja. "Gome hachinjwi. Baraza litasikia yote, na maelezo yako ndiyo yanayofuata."

Akamgeukia fundi, akamfunga pingu. Fundi hakubisha. Alinyoosha mikono mwenyewe, macho yake sakafuni.

"Sikumvizia," akasema polepole. "Nilimgusa kisogoni akainamisha kichwa. Alidhani namkazia kifungo. Akaniambia, 'Asante, shemeji.'"