Sauti Kwenye Matete ya Mfereji

Jua lilikuwa limeshazama Fiachra alipotoka kumfuata mkewe. Viazi vilikuwa vinapoa mezani na Nuala hajarudi. Alijua aliko. Tangu binti yao Sive azame kwenye ule mfereji wa zamani, mama mtu hakukosa jioni hata moja kwenye njia fupi ya mbao inayokatiza kinamasi.

Njia yenyewe si ndefu, mtu huimaliza kabla sigara haijaisha. Lakini jioni ile ukungu ulikuwa umelala juu ya matete, na mbao ziliteleza. Harufu ya tope bovu ilimjaa puani. Ndege wote kimya.

Akamwona. Nuala alikuwa amepiga magoti ukingoni, mkono umezama majini mpaka kiwikoni.

"Nuala, twende nyumbani, mpenzi."

"Shh... utamtisha."

"Nani?"

Akageuka. Alikuwa anatabasamu. Fiachra hakuwa ameliona tabasamu lile tangu kabla ya mazishi.

"Amenishika kidole."

Watu wa pale husema vibarua waliouchimba mfereji walikufa kwa homa, wakafukiwa humo humo kinamasini bila sala, na tangu hapo kuna kitu huita watu kwa sauti za wapendwa wao. Fiachra alizoea kuwacheka.

Matete yakachezacheza. Hapakuwa na upepo.

"Baba..."

Sauti ya Sive. Ile ile, na ukwaruzo wake wa mafua yasiyoisha.

"Baba, nasikia baridi."

Akapiga hatua moja kuelekea majini... kisha akashtuka. Sive hakuwahi kumwita baba. Tangu ajue kusema alimwita Fiachra, kama mtu mzima mwenzake, mama yake akamgombeza wee mpaka akachoka.

Huyu siye.

Akamkumbatia mkewe kiunoni, akavuta. Kitu kikavuta upande wa pili.

"Niache! Fiachra, niache! Fiachra!"

Alivuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka chali juu ya mbao. Akamburura huku Nuala akilia na kumparura uso, mpaka karibu na lango la kuingilia njia ya mbao. Hapo, nyuma yao, sauti ikaita tena. Taratibu. Kama mtoto anayebembeleza.

"Fiachra... usiniache."

Akasimama. Kilikuwa kimelidaka jina kinywani mwa Nuala? Au...?

Hakugeuka. Alimbeba mkewe, akaenda.

Nyumbani aliuosha mkono wa Nuala kwa maji ya moto. Kidole cha shahada kilikuwa na alama nyembamba, nyekundu, kama ya uzi uliokazwa.

Asubuhi Nuala alifungasha nguo zake. Dada yake alikuja na gari kumchukua. Mlangoni Fiachra akamshika bega.

"Ningekupoteza na wewe, Nuala. Ningefanyaje?"

Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mimi labda niliamini kwa sababu nilitaka," alisema. "Lakini wewe ulimsikia akikuita jina lako. Ukaendelea kutembea."

Gari likaondoka. Fiachra akabaki pale akitafuta neno atakalompigia simu kumwambia, na mpaka leo hajalipata. Jioni ukungu ukishuka, hufunga madirisha yote ya upande wa mfereji. Kisha hukaa kidogo... akalifungua moja.