Nusu ya Kiti

Bajaji ilirudi kutoka kwa fundi ikiwa na rangi mpya, lakini kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, na ukipagusa hapo palikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Hapo ndipo alipokuwa akikaa Kifaranga, mtoto wa dereva. Madereva wote hufanya hivyo: nyuma kukijaa, mtu wako unampa nusu ya kiti chako, mbele, pasipo mlango wala mkanda. Lori lilipowagonga ubavuni, dereva alivunjika mkono, mkewe aliyekaa nyuma akavunjika mguu. Mtoto alirushwa nje. Alikuwa na miaka sita na maneno mengi kuliko bibi yake, na hakufika hospitali.

Siku ya kwanza kurudi kazini, dereva alisikia harufu ya mafuta ya nazi ya nywele, kisha sauti sikioni.

"Baba, sogea."

Akasogea. Ikawa ndiyo kawaida yake. Abiria wakamwona anaendesha paja moja likining'inia nje, akicheka peke yake, na mmoja akaomba kushuka kabla ya kufika.

"Baba Kifaranga, huyo si mwanetu," mkewe alinong'ona, akiegemea magongo. "Mwanetu tulimzika. Nimebaki na wewe tu."

Alasiri moja akamleta mganga. Mganga akafukiza ubani, akamketisha dereva katikati ya kiti. "Ni jini. Limeazima sauti ya marehemu. Litakuomba nafasi, usisogee hata kidogo. Ukisogea halitoki tena, na litakuchukua wewe."

Ikaja harufu, kisha sauti, safari hii ikilia, "Baba, sogea, naanguka," na dereva akafumba macho na kuuma midomo, kwa kuwa ni maneno yale yale aliyoyasikia siku ile kwenye kona, naye siku hiyo akamjibu mtoto vumilia, tumekaribia, jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, na sasa vidole vidogo vilikuwa vikiteleza kwenye shati lake, kimoja kimoja, kama siku ile.

"Mume wangu, usisogee!"

Alisogea.

Ubani ukazimika. Mganga akakusanya vitu vyake, na mke akaketi mavumbini akalia kama mfiwa. Dereva akawasha bajaji, machozi yakimtoka huku anatabasamu, akaingia barabara kuu.

"Sogea tena kidogo, baba."

Upande wa dereva, kiti kilikuwa kimekwisha.