Mgomba wa Nanjala

Kipimapendo hakikuwa chombo cha kushika mkononi. Kilikuwa chumba kizima. Kuta zake zilijengwa kwa kioo-hisi, kioo kinachosoma mapigo ya moyo, jasho la viganja na upana wa mboni bila kumgusa mtu. Mzazi aliingia kwa mlango wa mashariki, mtoto kwa mlango wa magharibi, na kwa dakika kumi na mbili chumba kiliwatazama. Kisha taa ya darini ilitoa hukumu. Ikiwaka kijani, mtoto aliondoka na mzazi wake. Ikiwaka nyekundu, alirudi bwenini.

Asubuhi ile iliwaka nyekundu, mara ya pili kwa Nanjala na binti yake Nafula.

Truphena Mukoya, ofisa wa ustawi wa jamii katika Kituo cha Kuunganisha Familia, aliyaona yote kupitia dirisha la pembeni. Mama alisimama mikono mgongoni, kama mtu aliyefungwa kamba. Mtoto, msichana wa miaka tisa, aligandamana na ukuta akitetemeka. Hawakupeana hata kidole. Kwenye skrini maandishi yalipita: "Mzazi anajizuia. Mtoto anaogopa. Pendo: asilimia nne."

Vinasaba havikuwa na ubishi. Nafula alikuwa mtoto wa tumbo la Nanjala. Lakini baada ya mafuriko makubwa, watoto wengi waliookotwa mpakani walikabidhiwa ndugu zao wa damu, na ndugu hao hao wakawauza. Ndipo ikatungwa sheria kwamba damu peke yake haitoshi, lazima na pendo lipimwe. Sheria ilitoa nafasi tatu. Mzazi akishindwa zote, mtoto alipelekwa Makao ya Mwezini, alelewe huko na awe mkazi wa huko. Safari ile haikuwa na kurudi.

"Mama Nafula," Truphena alisema walipoketi ofisini, "keshokutwa ndiyo mara ya mwisho. Mtoto umemlilia miaka minne, leo yuko mbele yako unamkimbia. Unataka nini hasa?"

"Namtaka mwanangu, madam. Ndiyo maana simgusi."

Akaeleza. Miaka minne nyuma alikuwa kibarua kwenye shamba linaloelea ziwani. Dhoruba ikalipasua, naye akaokotwa upande wa pili bila karatasi yoyote, akafungiwa kambini kama mhamiaji haramu. Alipoachiwa ndipo akasikia kwamba nyumbani walingoja mwaka mzima, kisha wakamzika. Maiti haikuwapo, kwa hiyo walizika shina la mgomba, wakaliita kwa jina lake, na Nafula, mtoto wake wa pekee, akatupa udongo wa kwanza kwa mkono wake. Mafuriko yalipokuja, ndege za uokoaji zisizo na rubani zikamchukua mtoto. Bibi yake, mama mzazi wa Nanjala, akabaki kijijini.

"Mimi nimezikwa, madam. Kwetu, aliyezikwa akirudi hamgusi aliyemfukia mpaka mgomba ufukuliwe. Nikimgusa kabla, kaburi lile litadai mmoja wetu. Na Nafula anajua, bibi yake alimfundisha."

"Basi nenda ukaufukue."

"Waliofukia ndio wanaofukua. Mkono wa kwanza ni wa Nafula. Na ninyi hammtoi humu mpaka nimguse." Nanjala alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sasa niambie wewe uliyesoma."

Truphena hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Bibi yake mwenyewe alitoka upande ule ule wa mto, na habari za migomba alizisikia tangu utotoni. Fomu ya kipimapendo ilikuwa na nafasi ya kujaza iliyoandikwa "Maelezo ya mila na desturi", na mara zote mbili yeye alijaza neno moja: Hakuna. Kuna ofisa mwenzake aliyewahi kujaza pale habari za tambiko, akaitwa "mganga wa mashine" mwezi mzima kila walipokaa kula. Truphena alikuwa amecheka pamoja nao, tena kwa sauti kuliko wote.

"Hayo ni mambo ya kale," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. "Mgomba ni mgomba. Mashine inataka ione umemkumbatia, basi. Ukikataa, utabaki kumtazama mwanao kila mwezi ukiandama."

Nanjala aliinamisha kichwa.

"Wewe ni wa kwetu," alisema. "Nilipoona jina lako mlangoni nilimshukuru Mungu."

Truphena akajifanya anatafuta kalamu.

Siku ya tatu Nanjala aliingia chumbani akaenda moja kwa moja kwa mtoto. Nafula akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Mama, usinishike! Bibi alisema!"

"Najua alichosema." Nanjala alipiga magoti na kufungua mikono. "Njoo tu, mwanangu. Hili niachie mimi."

Mtoto alipiga kelele alipokamatwa, kisha akalia, kisha akamng'ang'ania mama yake shingoni kwa nguvu zake zote. Skrini ikapanda: hamsini, themanini, tisini na saba. Taa ikawaka kijani. Wafanyakazi wakapiga makofi, na Truphena akafuta machozi nyuma ya miwani, akidhani ni ya furaha.

Kwenye lango la kituo Nanjala alisimama. Alivua leso yake akamfunika Nafula mabegani.

"Nimefanya ulivyoniambia, madam. Sasa mpeleke kwa mama yangu. Mimi siendi."

"Huendi wapi? Si umeshampata? Nendeni mkaufukue huo mgomba, mko huru!"

"Tumeshagusana. Maji yakimwagika hayazoleki. Kaburi linadai mmoja wetu, na likinikuta mbali naye litanichukua mimi." Aliongea kwa utulivu, kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Dakika kumi na mbili nilizipata. Si haba."

"Mama, wewe unakuja lini?" Nafula aliuliza.

"Tangulia, mwanangu."

Akaondoka kwa miguu akifuata barabara ya ziwani, bila kugeuka. Mtoto alijirusha kumfuata, na Truphena, aliyeajiriwa kuunganisha watu, ndiye aliyemshika mkono asimfikie mama yake. Baadaye aliwatuma askari wa kituo wamtafute. Hawakumpata.

Alasiri, Truphena alifungua faili la mazoezi, lile la kuwafundishia maofisa wapya, na kwenye nafasi ya mila akaandika yote: mgomba, udongo wa kwanza, kaburi linalodai. Alitaka mashine imcheke, walau apate wa kumlaumu.

Jibu lilikuja kwa sekunde tatu. "Mila imetambuliwa. Kipimo kimeahirishwa. Mzazi na mtoto wanaruhusiwa kutoka kwa saa sabini na mbili, chini ya uangalizi. Wasafiri ni wangapi?"

Truphena alilisoma jibu lile mpaka herufi zikamchezea machoni. Nje ya mlango, Nafula alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri kupelekwa kwa bibi yake, leso imemfika miguuni, na kando yake mlezi-roboti wa zamu.

"Mama yangu amefika wapi?" mtoto aliuliza.

Roboti ilitazama kumbukumbu zake, ikamjibu kwa sauti ya upole. "Faili lako linaonyesha uko naye."