Maiki ya Tatu

Pumzi ilisikika kabla ya neno. Fundi wa sauti alirudisha rekodi nyuma, akabana hedifoni masikioni, akasikiliza tena. Mdogo wake, mwimbaji, alikuwa amesimama katikati ya chumba walichokizungushia magodoro ukutani, maiki mkononi.

"Umevuta pumzi mara mbili?"

"Moja tu, dada. Kwani nina mapafu ya akiba?"

Walikuwa wakilinganisha maiki tatu za kushika mkononi. Kituo cha redio kilitaka kujua ipi inafaa nyimbo, ipi mahojiano. Ya kwanza ilinenepesha sauti ukiisogeza mdomoni. Ya pili, yenye mpini mrefu, haikunasa mikwaruzo ya vidole, ikamfaa mtu anayehoji watu barabarani, ila wimbo iliukausha. Ya tatu walipewa na mjane wa mtangazaji mmoja. Ilikuwa nzito, wavu wake umebonyea. "Ichukueni," mjane alisema, "hata asante sitaki."

Ndiyo iliyozishinda zote.

"Haloo, unanisikia?" mwimbaji alijaribu tena.

Kwenye rekodi sauti yake ilitoka safi kama maji ya mtungini. Kisha, karibu kabisa na wavu, mtu alimeza mate. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Weka chini," dada mtu akanong'ona.

"Ngoja niimbe ubeti mmoja."

Akaimba. Kinywani sauti ilitoka ikikwaruza, na kila neno likazidi kufifia, huku hedifonini ikizidi kuwa tamu, tamu ya kutisha, mpaka fundi akaona midomo ya mdogo wake inacheza bila kutoa kitu na wimbo bado unaendelea masikioni mwake, akamrukia, akamnyang'anya maiki, akaitupa sakafuni.

Mwimbaji hakusema tena. Daktari alimulika koo lake, akasema ni zima kabisa.

Mama yao akamleta mganga, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi. Aliagiza maiki iunganishwe kwenye spika.

"Wewe ni nani? Umemfuata nini huyu binti?"

Spika ikakohoa. Ikajibu kwa sauti ya mwimbaji mwenyewe, ya upole: "Aliniuliza kama namsikia. Nikamwitikia."

Mama akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mrudishie sauti yake," mganga akasema.

"Nikimrudishia, mimi nitasema na nini?"

Mganga akaanza kusoma, kwanza taratibu, kisha kwa kasi, na jasho likamtiririka hadi kidevuni, na maiki ikapata moto mezani mpaka rangi yake ikachubuka, na spika ikalia kwa sauti ya mwimbaji ikimwita mama, ikimwita dada, ikiomba isiachwe, na mwimbaji mwenyewe amekaa pale pale kwenye kiti, mdomo wazi, machozi yakimlowesha kifua, hadi wavu ukapasuka na ile harufu ya nywele ikatoweka ghafla.

"Ametoka," mganga akasema.

"Na sauti ya mwanangu?"

Mganga alikusanya vitu vyake bila kumtazama usoni. "Nimekwambia ametoka, mama. Sikukwambia ameiacha."

Kesho yake mchana, jua likiwaka, fundi alikuwa chumbani akimnywesha mdogo wake uji. Mlango wa mbele ukagongwa mara mbili, kwa adabu.

"Mama, nifungulie. Nimechoka."

Kikombe kikaanguka. Mwimbaji alimng'ang'ania dada yake mkono kwa kucha, akitikisa kichwa, akitikisa, asiache. Fundi alijinasua, akatoka mbio ukumbini akipiga kelele, "Mama, usifungue! Yuko na mimi huku! Usifungue!"

Lakini mama alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu umepona!" alisema, na komeo lilikuwa tayari limeshavutwa.