Kiti cha Kando ya Mama

Kila siku nikitoka shule nilipitia ofisini kwa Mama, fundi wa kompyuta pale zahanati. Nilikaa kwenye kiti cha kando yake nikamsimulia ya darasani, huku yeye akigonga kompyuta. Jumatatu ile nilifungua mlango nikakuta kiti kina mtu: Kidoti, binti wa mama mdogo, aliyekuja kuishi nasi.

"Njoo uone!" Mama alisema. "Mdogo wako ametuokoa."

Ndani ya hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu za watoto, mlikuwa na programu fupi iliyojibu kama mtoto amemaliza chanjo: kweli au si kweli. Mama alitaka wazazi waiulize kwa simu. Lakini huduma ya mtandao iliyopeleka majibu kwenye simu ilikataa jibu la aina hiyo; ilipokea namba na maneno tu. Kidoti akashauri waandike programu ya katikati, igeuze kweli kuwa 1 na si kweli kuwa 0, na walikuwa wameshaiandika.

"Kichwa hicho umekitoa wapi, wewe?" Mama alicheka.

Mimi nilichemka ndani kwa ndani.

Muuguzi alimwita Mama nje, Kidoti akaenda kunywa maji. Vidole vyangu vikaitangulia akili: ndani ya programu ile, iliyobaki wazi kwenye kompyuta, penye 1 nikaweka 0, penye 0 nikaweka 1.

Haukupita muda, Mama na Kidoti wakarudi, kisha muuguzi akaingia na simu ya majaribio.

"Fundi, mtoto huyu hajachanjwa surua hata mara moja, na simu inasema kamaliza! Wazazi wanaanza kuitumia kesho. Si watabaki nyumbani wakijua watoto wana kinga?"

Mama akamgeukia Kidoti. "Uliikagua?"

"Niliikagua, Mama mkubwa." Akasogea mbali na kompyuta. "Labda nilikosea. Sitagusa tena."

Nilidhani ningefurahi. Badala yake nilimfikiria mtoto fulani, nisiyemjua, amelala na homa kwa sababu yangu.

"Ni mimi niliyezibadilisha namba," nilisema.

Mama alizirudisha kwanza namba mahali pake. Muuguzi akajaribu tena, jibu likaja sawa. Ndipo Mama akaniangalia.

"Ugomvi wako ulikuwa na mimi, lakini umewabebesha watoto wa watu. Mwanangu, moyo ukiuma, usiharibu kazi ya mwenzako. Sema."

Nilimsogelea Kidoti.

"Nilikuonea wivu, Kidoti. Nisamehe," nilisema. Kisha nikamgeukia Mama. "Nilitaka uniulize leo nimeshindaje."