Kidonge cha Asubuhi ya Mwaka Mpya

Kila asubuhi, kabla hata ya kuchana nywele, Yanqiu humpelekea babu yake kikombe cha maji moto na kidonge cha presha. Asubuhi ya Mwaka Mpya wa Kichina alifungua droo, akakuta dawa haipo.

"Bibi, dawa ya Babu iko wapi?"

Bibi alikuwa jikoni akichemsha jiaozi, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama na kabichi. "Nyamaza! Neno hilo leo halitajwi. Anayemeza dawa Mwaka Mpya huumwa mwaka mzima. Atasubiri mpaka siku ya tano."

"Lakini Babu anameza mwaka mzima hata hivyo!"

"Mdomo wako huo!" Bibi akamtishia kwa mwiko.

Yanqiu hakucheka. Mwaka jana jirani yao, Mzee Geng, aliacha dawa vivyo hivyo. Siku ya tatu alianguka uani, na mpaka leo mkono wake wa kulia umelala kama si wake. Na Babu alikuwa ameshaanza siku kwa bakuli la mboga za chumvi, na sigara juu yake.

Ndugu walipojaa sebuleni, watoto walipanga mstari kumpigia Babu magoti na kupokea bahasha nyekundu za pesa. Zamu ya Yanqiu ilipofika, alisimama wima.

"Piga magoti, wewe," baba yake mdogo alinong'ona.

"Sipigi. Kwanza Babu ameze dawa."

"Unamlaani babu yako mbele ya wageni?" Bibi akafoka.

"Simlaani! Kumtakia maisha marefu huku tumemfichia dawa, hiyo ndiyo laana. Bahasha yangu mpeni mwingine."

"Toka mbele yangu!" Babu aliinuka kwa hasira, mara akashika kiti. "Ngojeni... mbona nyumba inazunguka?"

Walimkalisha. Shangazi Huifen, muuguzi wa zahanati ya kijiji, alitoa kipimo chake cha presha mkobani, akampima, akakunja uso. "Imepanda sana. Dawa iko wapi?"

Bibi akaenda kuitoa kwenye pipa la mchele.

Babu alimeza, akalazwa kitandani. Alipopimwa tena mchana, presha ilikuwa imeshuka. Shangazi Huifen akawageukia watoto, lakini alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Fataki tupige, jiaozi tule, wazee tuwaheshimu. Ila presha haijui sikukuu. Chumvi, sigara na dawa iliyorukwa huleta kiharusi hata siku ya furaha. Mwenzenu ameona hatari, akakataa kunyamaza. Huo si utovu wa adabu."

Yanqiu alikuwa bado amesimama kando ya kitanda. "Na kesho, Babu?"

"Na kesho nitameza."

"Na keshokutwa?"

"Mtoto huyu!" Bibi akadakia. "Nitampa mimi mwenyewe, kila siku ya Mungu. Na zile mboga za chumvi nimeshawamwagia nguruwe. Sasa nenda ukale!"